Nilimwambia Baba Yake Ni Utafiti

Kozi ya Dini za Ulimwengu ilikuwa ya lazima hadi mwaka wa mwisho kwa sisi tuliosomea ualimu wa somo la dini, na wengi wetu tuliingia darasani tukinung'unika. Mimi nililelewa mtaa wa Huruma. Wazazi wangu walikuja Eldoret kutoka magharibi kutafuta kazi. Baba alikuwa kibarua wa mjengo, mama aliuza mboga, na kanisa letu lilikuwa la mabati, hatua chache kutoka mlangoni petu. Nilikuwa nimewaona Waislamu kila siku ya maisha yangu bila kumuuliza hata mmoja swali.

Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo aliyewahi kuwa mtawa, kisha akaacha. Hakutuambia kwa nini na hatukuthubutu kuuliza. Siku ya kwanza alisema, "Hapa hamkuja kuokoka wala kupotea. Mmekuja kujifunza kueleza. Ukieleza dini ya mtu, mwenyewe akisikia aseme: ndiyo, hapo umenisema mimi." Akatuagiza tufunge Biblia zetu tuziweke mikobani, na msichana mmoja aliyekaa mbele akaanza kulia.

Nilikaa dawati moja na kijana kutoka Cheptiret. Babu yake alikuwa amehamia huko kutoka mkoa wa kati zamani, akanunua shamba, na sasa baba yake alikuwa na duka kando ya barabara kuu na mahindi nyuma ya nyumba. Baba huyo alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kukaa kiti cha mbele. Kufikia mwaka wa pili, mimi na huyo kijana tulikuwa tumepanga chumba kimoja Huruma, katika ploti ya vyumba vya kukodi, ya pili kutoka kwa mama, kwa sababu kwetu wadogo zangu walikuwa wamejaa hadi kwenye kochi. Tulipika kwa sufuria moja. Nilimjua alivyokohoa, alivyokunja suruali zake, alivyosoma kwa sauti ya chini kama anayegombana na kitabu.

Muhula huo tulizuru hekalu la Wahindi, nyumba ya ibada ya Masingasinga, na msikiti mmoja mjini. Msikitini tulipokewa na mzee aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Alijibu maswali yetu yote kwa subira, hata yale ya kijinga, na mwisho akatupeleka nyuma, kwenye chumba cha kuoshea maiti. Kulikuwa na meza ya saruji yenye mfereji wa kupitisha maji, ndoo mbili na bomba. Alitueleza kazi ile hatua kwa hatua. Mimi niliandika kila neno. Mwenzangu hakuandika kitu. Alisimama tu, mkono wake mmoja juu ya ile meza.

Ijumaa iliyofuata alirudi huko peke yake. Na iliyofuata tena. Nilidhani anatafuta alama za juu, nikamwonea wivu.

Alisilimu kabla ya mwaka ule kwisha. Mimi sikuingia msikitini; nilimsubiri nje, karibu na viatu, na alipotoka nilishangaa kwamba uso wake ulikuwa uleule. Tulitembea hadi Huruma. Tulipofika nilimuuliza kilichomvuta.

"Kwa kanisa letu mimi ni mtoto wa mzee," alisema. "Nikiimba ni mtoto wa mzee, nikisinzia ni mtoto wa mzee. Kule nikisimama kwa safu, mimi ni mtu mmoja tu."

"Na nyumbani utasema?"

"Nitasema. Lakini si sasa. Wacha nimalize chuo kwanza."

Tuliishi hivyo zaidi ya mwaka. Alipokuwa akiswali mimi nilipanda kitandani ili apate nafasi ya kutandika msala wake, maana chumba kilikuwa kidogo. Mwezi wa Ramadhani nilikula mchana nikiwa nimesimama nje karibu na mfereji, nisile mbele yake, na mwenye ploti akaniuliza kama tumekosana. Hakuna mtu mwingine chuoni aliyejua. Mimi nilijiona mtu mwerevu sana, mwenye moyo mpana, mtu ambaye kozi ilikuwa imemfungua.

Aliugua mwanzoni mwa wiki, tukiwa tumebakisha mwezi mmoja kufanya mtihani wa mwisho. Alisema kichwa kinamuuma. Nilimnunulia dawa ya kichwa. Siku ya pili alisema mwangaza unamuumiza macho, nikaziba dirisha kwa shuka na kwenda zangu maktaba. Niliporudi jioni alikuwa ametapika kitandani na shingo yake ilikuwa imekakamaa kama ubao. Hapo ndipo nilipoita jirani mwenye gari.

Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Daktari aliniuliza ameumwa tangu lini, nikajibu, naye akaandika. Muuguzi alinipa kidonge nikimeze palepale kwa sababu nililala na mgonjwa chumba kimoja.

Wazazi wake walifika kesho yake asubuhi. Kabla hawajafika, nilipokuwa nimekaa peke yangu kando ya kitanda, alifungua macho akawa na akili timamu kwa dakika chache.

"Hii kitu ikienda vibaya," alisema, "usiwaache wanipeleke vile wanapeleka watu."

"Wacha hiyo maneno. Utapona."

"Wewe unajua vile inafanywa. Uliandika."

"Ninajua."

"Utawaambia?"

Nilimwambia nitawaambia. Alinishika kidole kimoja, si mkono, kidole tu, akakishikilia hadi usingizi ukamchukua.

Alikufa Jumamosi, saa nne asubuhi. Mama yake alikuwa ametoka kwenda kununua maji. Baba yake alisimama kando ya dirisha la wodi akiwa na kofia mkononi, akawa anaikunja na kuikunjua.

Nilitoka hospitalini nikaenda moja kwa moja kwa yule mzee wa msikiti. Nilimkuta dukani akipima misumari. Nilipomwambia, aliweka misumari chini, akasema maneno ya Kiarabu, kisha akaniuliza, "Wazazi wake wanajua alikuwa nani?"

"Bado."

"Basi twende tuwaone kabla ya adhuhuri kupita. Maiti hangoji. Utasema nao wewe kwanza, au tuseme sisi?"

"Nitasema mimi," nilijibu.

Nilitangulia. Nilifika mochari nikawakuta wazazi wake wamekaa kwenye benchi la nje, wakisubiri karatasi. Nilikaa karibu na baba. Nilifungua mdomo mara mbili. Alikuwa akiongea na mimi, au na mtu yeyote, akisema ni lazima wamzike nyuma ya nyumba, pale karibu na kaburi la nyanya yake.

"Unajua mwaka ule wa vita vya uchaguzi, kijana?" aliniambia. "Huyu alikuwa hajaanza shule. Tulilala kanisani wiki tatu. Nyumba ilichomwa, duka likachomwa. Walituambia hapa si kwetu, turudi tulikotoka. Mimi nilizaliwa hapa. Tuliporudi, mama yangu akafa, nikamzika hapo shambani. Nikasema haya, sasa mtu aje aniambie si kwetu." Akapangusa uso kwa kiganja. "Sasa nitakuwa na wawili."

Hapo ndipo yule mzee alipoingia langoni akiwa na mwenzake mmoja, wote wamevaa kofia na kanzu. Walisalimia kwa heshima. Walitoa pole. Kisha mzee akasema, kwa upole ambao bado ninausikia, kwamba kijana huyu alikuwa ndugu yao, alitamka shahada mbele ya mashahidi, na wanaomba ruhusa ya wazazi wamwoshe na kumzika leo.

Baba hakuwaelewa mara ya kwanza. Mzee alirudia. Mama alitazama chini. Baba akanigeukia mimi.

"Hawa wazee wanasema mtoto wangu alikuwa wao," alisema. "Wewe umekaa na yeye nyumba moja. Sema."

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilichofikiri wakati ule, na ukweli ni kwamba sikufikiri. Niliona kofia yake imekunjwa mkononi. Niliona wale wazee wawili wamenitazama kwa utulivu kabisa, wakijua nitakachosema.

"Alikuwa anaenda huko kwa sababu ya kozi, Mzee," nilisema. "Tulikuwa tunafanya utafiti."

"Utafiti?"

"Ndiyo. Wa chuo. Dini za Ulimwengu."

Baba aliitikia kwa kichwa polepole. Aliwaambia wale wazee kwamba hawalaumu, kwamba kulikuwa na kutoelewana, na kwamba anawashukuru kwa kuja. Mwenzake yule mzee alitaka kusema kitu lakini mzee akamshika kiwiko. Alinitazama mimi, si kwa hasira. Angekuwa na hasira ningepumua.

"Sawa," alisema. "Mungu anajua." Wakaondoka.

Rafiki yangu alikaa mochari siku kumi na tatu, kwa sababu ndugu wengine walikuwa wakitoka mbali na kamati ya mazishi ilikuwa ikikutana kanisani kila jioni. Kila siku ya hizo ningeweza kupanda gari nikaenda Cheptiret kusema. Nilijiambia nitaenda kesho. Niliandika ujumbe kwa baba yake nikaufuta. Nikaandika tena, nikaufuta tena. Siku ya sita kamati ilinipigia simu ikaniomba nisome historia ya marehemu, kwa kuwa nilikuwa rafiki wa karibu. Nikakubali.

Alizikwa Ijumaa. Walimvisha suti ya kijivu na tai. Jeneza lilikuwa na kioo juu, na watu walipita kwa mstari kumtazama. Nami nilipita. Nilijikuta nikihesabu makosa, kama mtu anayesahihisha daftari: dawa ya kuzuia kuoza, suti, jeneza, kioo, mstari wa watu. Kaburi lilikuwa limechimbwa likifuata mpaka wa shamba, na jeneza liliposhushwa alilala chali, uso juu, hakugeuzwa upande wowote. Niliogopa kwamba ninaweza kusimama pale nikaona vyote hivyo na nisianguke.

Nilisoma karatasi niliyopewa. Iliandikwa na katibu wa kamati. Ilisema alizaliwa, alibatizwa, alisoma, alimpenda Yesu tangu utotoni na kumtumikia hadi pumzi ya mwisho. Nilisoma kwa sauti nzuri. Baadaye watu walinishika mkono wakanipongeza.

Watu walipokuwa wakila, mama yake aliniita nyuma ya jikoni. Alikuwa na mfuko mweusi wa plastiki, umefungwa fundo. Alinipa.

"Nilipata hii kwa vitu vyake mlizoleta kutoka Huruma," alisema. "Toa hapa kwangu. Sitaki mzee aione."

Niligusa nikajua ni msala na kofia. Nilikuwa nimeviacha kwenye sanduku lake nikidhani nimevificha chini vya kutosha.

"Ulijua, Mama?"

"Tangu Disemba ile ingine. Nilichinja kuku, akasema hasikii njaa. Mtoto wangu, kukataa kuku." Alitazama kule makaburini. "Nilimfuata nyuma ya choo alfajiri, nikaona ananawa miguu kwa baridi. Sikusema kitu. Nilirudi nikalala."

"Basi kwa nini siku ile pale mochari..."

"Na wewe je?"

Alikaza fundo la ule mfuko tena ingawa halikuwa limelegea.

"Wangemchukua siku hiyohiyo," alisema. "Na sisi wanawake huwa hawatupeleki kaburini, si ndiyo? Nilisikia hivyo. Ningekaa nyumbani kwa nani nikingoja waniambie wamemaliza?" Kisha akafuta mikono kwa leso yake akarudi kwa wageni, kwa sababu sahani zilikuwa zimepungua.

Jumatatu nilimpelekea mzee wa msikiti ule mfuko. Aliufungua juu ya kaunta, akautazama msala, akaukunja vizuri zaidi ya nilivyoukunja mimi. Aliniambia walimswalia Ijumaa ileile, swala ya mtu ambaye mwili wake haupo. Watu walijaa, alisema, hata waliomjua kwa uso tu.

"Ungesema ndiyo, baba yake angekupiga?" aliniuliza.

"Hapana, Mzee."

"Angekufukuza?"

"Sidhani."

"Ulikuwa unaogopa nini, kijana wangu?"

Alikuwa akiuliza kweli, kama mtu anayetaka kujua. Mteja aliingia akitaka rangi, na nikatumia nafasi hiyo kutoka.

Kwa siku kadhaa sikwenda darasani. Mwalimu alinitafuta, akanikuta nje ya maktaba, tukakaa kwenye ngazi. Nilimweleza yote. Nilidhani atanifariji. Alitazama wanafunzi wakipita.

"Ulitumia kozi yangu," alisema hatimaye.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nilipotoka kwenye utawa, mama yangu aliwaambia majirani kwamba nimetumwa misheni ya mbali. Nikienda kumwona naingia kwa mlango wa nyuma. Hadi leo. Kuna watu kijijini wananiombea niko huko misheni." Alisimama akakung'uta sketi. "Sina la kukwambia. Njoo darasani kesho."

Mtihani ulikuwa na swali kuhusu taratibu za mazishi katika dini mbili za chaguo lako. Mkono wangu uliandika peke yake. Nilijaza kurasa nne na nikaongeza karatasi. Nilipata alama ambazo sikuwahi kupata katika somo lolote, na mwalimu aliponirudishia hakunitazama usoni.

Zaidi ya mwaka ulipita, nikapata kazi ya kufundisha katika shule moja nje ya mji. Siku moja ya mapumziko nilikwenda Cheptiret. Sikuwa nimempigia mtu simu. Baba yake alikuwa dukani peke yake, amekonda, miwani imemshuka puani. Aliponiona alifurahi. Alinitolea soda, akaniuliza habari za mama yangu, habari za kazi.

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia kwamba haukuwa utafiti. Kwamba mwanawe alisilimu kwa hiari yake, kwamba aliniomba niwaambie, na kwamba nilimwahidi.

"Alisema hivyo na mdomo wake?"

"Ndiyo, Mzee. Wodini, kabla hamjafika."

Alivua miwani. Mwanamke mmoja aliingia akataka sukari nusu kilo. Aliipima, akaifunga, akapokea pesa, akamtakia siku njema. Alipotoka, mzee alisema, "Mimi siwezi kumfukua."

"Sikuja kukuomba umfukue."

"Ulikuja kuniomba nini?"

Nilisema sijui. Alivuta stuli, akakaa, akaniashiria nami nikae juu ya kreti.

"Wanafanyaje?" aliuliza. "Hao. Wangemfanyaje?"

Basi nikamweleza. Nilimwambia kwamba wanaume wangemlaza kwenye meza, wakamfunika kuanzia kitovu hadi magoti ili astahiwe. Kwamba wangemminya tumbo polepole kumtoa uchafu, wakamtawadhisha kama mtu anayejiandaa kuswali, wakamwosha kichwa, kisha upande wa kulia, kisha wa kushoto. Mara tatu, au tano, hesabu isiyogawanyika kwa mbili. Maji ya mwisho yana kafuri. Kwamba wangemkausha, wakamvika sanda nyeupe tatu ambazo hazijashonwa, wakamswalia wakiwa wamesimama, wakamlaza kwa ubavu wa kulia bila jeneza, uso ukielekea Makka. Na kwamba hayo yote yangekwisha siku ileile.

"Wanamminya polepole," alisema.

"Ndiyo. Mzee wa kule alituambia tumshike kama anasikia."

Aliuliza maswali mengine mawili au matatu. Kama baba anaruhusiwa kuwepo wakati wa kuosha. Hiyo sanda inanunuliwa wapi. Watu waliingia na kutoka, akawahudumia, akarudi kukaa, na mimi nikaendelea pale nilipoachia. Jua lilikuwa limegeuka upande wa pili wa barabara tulipomaliza.

"Alijua hatungefanya hivyo?" aliuliza.

"Nadhani alijua."

Alisimama akachukua chupa yangu ya soda, akairudisha kwenye kreti pamoja na zile tupu ingawa ilikuwa bado nusu.

"Ulifanya vizuri kuja," alisema. "Usirudi tena hapa, kijana wangu."

Sijarudi. Mama yake hunipigia simu mara mojamoja, kunisalimia na kuniuliza kama nimeoa. Wakati mmoja alinidokezea kwamba mzee aliacha kukaa kiti cha mbele kanisani. Siku hizi hukaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na hutoka kabla ya baraka za mwisho. Nilimuuliza kama amewahi kusema kwa nini. Alisema hawaongei mambo hayo nyumbani, kisha akaniuliza kama kwetu mvua imeanza.